Zamu ya Shimo

Mkate wa mdalasini uliotoka kwenye oveni ya Lorna Stroud adhuhuri ile ya Jumatano, tarehe kumi na nne Septemba, ulikuwa na ladha ya tairi.

Haukuwa umeungua. Juu ulikuwa na rangi ya asali, ndani mweupe, na sukari ilikuwa ikitiririka pembeni kama inavyotakiwa. Kwa miaka ishirini na sita Lorna alikuwa ameoka mkate ule kwa ajili ya chakula cha Jumatano kanisani, ambako watu wa mji wao mdogo wa Nebraska huula pamoja na bakuli la nyama ya kusaga na maharage yenye pilipili, na hakuna aliyewahi kuurudisha. Alitafuna kipande, akasimama, akakitema kwenye kiganja.

"Verlin, njoo uonje hiki."

Mumewe alikuwa kwenye kochi na gazeti. Hakuhitaji kuonja. Harufu ilikuwa imemfikia kabla ya sauti ya mkewe: plastiki, mpira, mafuta ya ndege, na chini ya hayo yote kitu kitamu kilichooza. Alikuwa hajaisikia kwa miaka kumi.

"Umechoma nini?" aliuliza.

"Mimi ndiye nakuuliza wewe. Unachoma takataka huko nyuma?"

"Gari la takataka lilipita jana, Lorna."

Verlin alifungua madirisha yote. Upepo wa mashamba ya mahindi uliingia upande huu ukatokea ule, harufu ikabaki palepale. Alipoinama kukagua kabati la chini ya sinki, alisikia mtu akikohoa ndani ya bomba. Kilikuwa kikohozi kirefu, kizito, kinachotafuta kitu chini kabisa na kukikosa. Kisha ikaja sauti, ya taratibu, yenye adabu ya askari mbele ya mkubwa wake.

"Siku ya kwanza, Sajini."

Verlin alifunga kabati. Akamwambia mkewe kwamba labda ni panya aliyefia ukutani.

Siku moja kabla ya hapo alikuwa ametia sahihi kwenye barua. Ilikuwa jibu kwa mjane aitwaye Twyla Pruitt, anayeishi maili arobaini kutoka kwao. Mume wake, Odell, alikuwa amekufa Julai kwa mapafu, akiwa na miaka thelathini na miwili, huku dai lake la fidia ya ulemavu likiwa katika rufaa ya tatu. Mara ya kwanza dai lilikataliwa kwa sababu Odell, alipoulizwa na daktari wa uchunguzi anaendeleaje, alijibu kama alivyofunzwa jeshini kwamba anaendelea vizuri, bwana, na daktari akayaandika maneno hayo. Mara ya pili na ya tatu lilikataliwa kwa sababu ya daftari. Odell alisema alifanya kazi siku sitini na moja mfululizo kwenye shimo la kuchomea taka la kambi yao, magharibi mwa Baghdad. Daftari la zamu lilisema hakuwahi kukanyaga hapo hata siku moja.

Sheria ilimruhusu mjane kuliendeleza dai la marehemu. Jaji wa rufaa alimpa Twyla hadi Jumatatu, tarehe kumi na nne Novemba, kuleta ushahidi mpya. Baada ya hapo faili lingefungwa. Kwa hiyo alimwandikia mtu aliyekuwa akilishika daftari. Aliomba ukurasa mmoja tu wa ushahidi, aina ile ambayo askari huandikiana: nilikuwepo, niliona.

Jibu la Verlin lilikuwa na mistari mitatu. *Odell Pruitt hakupangiwa zamu ya shimo. Daftari ni sahihi. Siku zilizoandikwa jina langu nilikuwa shimoni mimi mwenyewe.* Chini yake, kwa mwandiko mzuri uliolala kulia: *Verlin D. Stroud, Sajini mstaafu.*

Ukweli ulikuwa mfupi vilevile. Odell, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alimsahihisha Verlin mbele ya wenzake kuhusu njia kwenye ramani, na alikuwa sahihi. Kesho yake alipelekwa shimoni. "Utakaa huko mpaka ujifunze kunyamaza," Verlin alimwambia. Lakini daktari wa kambi alikuwa ameamuru askari yeyote asizidishe siku tatu kwa mwezi kwenye ule moshi. Amri hiyo haikuwagusa wasimamizi. Basi kila jioni Verlin alifungua daftari na kuandika jina lake mwenyewe mahali pa jina la Odell, kwa sababu hakuna mkaguzi ambaye angemuuliza msimamizi, na askari mwingine angelalamika jina lake likitumiwa.

Miaka mitano baadaye, akiwa amestaafu na kikohozi chepesi cha mvuta sigara, aligundua kwamba daftari lile lilikuwa na thamani. Alipeleka dai lake. Kwenye kipimo cha kupuliza, alipuliza kidogo makusudi. Alikubaliwa mara ya kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Verlin alikuwa amelisahau. Mkalimani wa kambi, Mwiraki wa mji wa Ramadi aliyeitwa Abu Hazim, alikuwa amewaonya siku trekta lilipoanza kuchimba. "Hapa pana wenyewe," alisema. "Walikuwa hapa kabla ya baba zangu. Msipowatoa, basi angalau waombeni ruhusa." Wote walicheka isipokuwa Odell. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha, alivua kofia na kusema, "Kwa ruhusa yenu." Asubuhi moja Verlin alimkuta katika hali hiyo.

"Pruitt, unaomba ruhusa kwa takataka? Hapa ruhusa unaniomba mimi."

Akamnyang'anya utambi wenye mafuta, akauwasha, akautupa shimoni yeye mwenyewe, bila neno. Moto uliruka juu kuliko siku yoyote.

Siku ya pili, baada ya ule mkate, kulikuwa na majivu barazani. Yalikuwa mepesi, ya kijivu, yametandazwa kwa usawa, na juu yake mtu alikuwa amepitisha reki akaacha mistari iliyonyooka. Verlin aliitambua mistari ile. Alikuwa akimlazimisha Odell kusawazisha ukingo wa shimo kila asubuhi kwa reki, kwa ajili ya ukaguzi, na kurudia kama mstari mmoja umepinda.

Alifagia. Siku ya tatu yalikuwepo tena. Siku ya tisa alijaribu kuamka mapema amkamate huyo mtu, akakaa dirishani na kahawa kuanzia saa kumi na moja, macho ameyakodoa kwenye baraza tupu; akapepesa jicho, na mistari ikawa imeshachorwa. Bombani, sauti ikamwambia siku ni ya ngapi.

Lorna hakuisikia sauti, lakini kikohozi alikisikia. Alikisikia kwanza chumbani kwa wageni, mchana, akikunja mashuka.

"Kuna mtu mle ndani," alinong'ona jikoni, mkono ukiwa bado umeshika foronya.

"Ni mimi nilikohoa."

"Wewe ulikuwa nje unakata majani, Verlin. Nilikuwa nakuona dirishani. Nakuona, na huku nyuma yangu mtu anakohoa."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Nataka uache kunijibu kama mimi ni askari wako."

Siku ya ishirini, akipanda ngazi za ghorofani zenye vidato kumi na vinne, Verlin alilazimika kukaa kwenye kidato cha tisa. Alienda kliniki. Muuguzi alimpa mrija, akapuliza kwa nguvu zake zote mpaka macho yakamtoka, na mashine ikaonyesha namba ileile aliyoigiza miaka mitano iliyopita. Wiki mbili baadaye ilikuwa imeshuka chini yake. Daktari alizitazama picha za kifua kwa muda mrefu.

"Haya ni mapafu ya mtu aliyekaa karibu na moto mbaya," alisema. "Faili lako linasema shimo la taka, siku sitini na moja. Basi inaeleweka."

Verlin alivaa shati lake.

Siku ya thelathini na nne ilikuwa Jumatatu, na Verlin alikwenda kwenye jengo la mahakama ya kaunti, ambako Rowena Hargis, muuguzi mstaafu wa jeshi, alikuwa na ofisi ya kuwasaidia wastaafu kujaza madai. Verlin alikuwa amekuja kuomba aongezewe asilimia za ulemavu. Kwenye viti vya kusubiri alikaa mwanamke mwembamba mwenye koti la kiume, amepakata sanduku la viatu vya jeshi lililojaa karatasi. Verlin hakuwa amewahi kumwona ila kwenye picha.

"Sajini," mwanamke alisema kwanza.

"Mama Pruitt. Pole sana kwa msiba."

"Niite Twyla. Pruitt yuko humu ndani." Aligonga sanduku kwa kidole. "Barua yako nimeipata. Mwandiko mzuri. Odell alisema siku zote ulikuwa na mwandiko mzuri."

Verlin alitaka kusema kitu, kikohozi kikamtangulia. Twyla aliinamisha kichwa upande mmoja, akakisikiliza mpaka kikaisha.

"Kina siku ngapi?"

"Ni mafua tu."

"Naye alianza na mafua. Sasa kiko kushoto, chini. Utaanza kusikia kama mtu anakunja karatasi. Uwe unalalia mito mitatu, miwili haitoshi. Na usioge maji ya moto sana, mvuke utakukaba."

"Asante. Wewe ni mtu mwema."

"Sikuambii kwa wema," Twyla alisema, kwa sauti ileile. "Nakuambia ili kila kitu kitakachokuja ukijue kabla hakijafika. Mimi mwenzio kilinikuta sijui."

Mlango ukafunguliwa. Bi. Hargis, miwani ikining'inia kifuani, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Nani ametangulia?"

"Yeye," Twyla alisema. "Yeye hutangulia kila mara. Mimi nimezoea kusubiri."

Siku ya hamsini na tano, baada ya siku tatu za kulala amekaa, Verlin aliendesha gari kwa saa tatu hadi mji wa Lincoln. Abu Hazim alikuwa amehamia huko na familia yake miaka saba iliyopita, akafungua duka la mikate. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe kabisa, au ulikuwa unga. Alipomwona Verlin mlangoni hakutabasamu. Alinusa hewa mara mbili, akageuza kibao cha mlangoni kionyeshe kwamba duka limefungwa.

"Keti, Sajini. Usiguse mikate."

"Unaisikia harufu?"

"Mteja wangu aliyesimama ng'ambo ya barabara anaisikia." Alileta chai, akaiweka mbele ya Verlin, yeye mwenyewe akakaa mbali. "Odell aliniita mwaka jana. Nilimwandikia ushahidi. Walinijibu kwa adabu sana: neno la mkalimani dhidi ya daftari la jeshi. Alikuwa akija hapa, tunasoma pamoja, anapata nafuu kidogo. Yule alikuwa kifuani mwake, lakini walikuwa wanaheshimiana. Odell alikuwa anamwomba ruhusa hata ya kulala."

"Yule nani?"

"Unajua nani. Mwenye shimo." Abu Hazim alishusha sauti. "Alikaa kwa Odell kwa sababu Odell ndiye aliyekuwa shimoni. Odell amekufa, sasa hana pa kukaa. Akasikia kuna mtu ameandika: nilikuwa shimoni mimi mwenyewe, siku zote sitini na moja. Akaweka na sahihi."

"Ile ni karatasi tu."

"Kwako na kwangu. Wao hawajui uongo wa karatasi, Sajini. Umeandika ulikuwepo, kwa hiyo kwake ulikuwepo, na una siku sitini na moja za kutumikia. Anakuhesabia. Na ule moto ulioutupia bila salamu, huo nao anaukumbuka."

"Nisomee kisomo. Nitalipa."

"Nitakusomea bure, na haitasaidia kitu. Siwezi kumfukuza mgeni mwenye barua ya mwaliko mkononi. Ifute wewe. Andika ukweli, siku zote, uape, uupeleke mahali ambapo maandishi yana nguvu. Kabla hajamaliza hesabu."

Alimsomea hata hivyo, kiganja chake kikiwa juu ya kifua cha Verlin, kwa sauti ya chini, na katikati ya kisomo mikate yote kwenye rafu ikapasuka juu kwa pamoja, kila mmoja ufa mmoja ulionyooka kama mstari wa reki. Abu Hazim aliitazama.

"Umeona? Ananicheka."

Verlin alirudi nyumbani akashika kalamu. Aliandika mstari wa kwanza, akaufikiria uchunguzi, asilimia zikifutwa, jina lake gazetini. Akauchana. Alijiambia kwamba Jumatatu bado iko mbali. Jumanne akajiambia hivyo, na Jumatano, na Alhamisi.

Ijumaa, tarehe kumi na moja Novemba, ni siku ya wastaafu wa jeshi, na ofisi zote zilifungwa. Kama kila mwaka, shule ya mji iliwaalika wastaafu ukumbini. Watoto walipaka bendera mashavuni. Wazee walikula chapati za maji na soseji bure, kisha wakakaa kwenye viti vya chuma katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu, na kila mmoja alikuwa na ratiba iliyopigwa chapa. Jina la kila mstaafu lilikuwa mle, na sentensi moja ya maisha yake. Verlin alikuwa ameitoa sentensi yake mwenyewe miaka minne iliyopita, na shule iliendelea kuichapa.

"Sajini Verlin Stroud," mwalimu mkuu alisoma, "aliyepumua moshi wa vita kwa ajili yetu siku sitini na moja."

Alisimama, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, bendi ikaanza kupiga wimbo wa jeshi la nchi kavu, na watoto mia tatu wakapiga makofi, na ilikuwa katikati ya makofi hayo ndipo alipogundua kwamba hayasikii, kwamba anaona viganja vinakutana na kuachana bila sauti yoyote kama samaki wanaofungua na kufunga midomo, na kwamba kitu pekee kinachosikika katika ukumbi wote ni meno ya reki yakipita taratibu juu ya mbao zilizopigwa vanishi, kutoka mlangoni, kupita safu ya kwanza ya wazee, kupita ya pili, yakimjia. Na hakutaka kugeuka lakini aligeuka, akaona kwamba kiti cha kulia kwake, ambacho kilikuwa kitupu tangu asubuhi na chenye ratiba juu yake kwa ajili ya mtu ambaye hakufika, kimejaa majivu hadi kwenye egemeo, na nyuma ya kiti hicho amesimama mtu, kama ni mtu, mwenye viatu vya Odell na suruali ya Odell yenye tundu la cheche gotini, ila kuanzia kiunoni hakuwa na umbo bali alipanda, mweusi, mzito, akijizungushazungusha, akipita juu ya ubao wa kikapu na juu ya bendera na juu ya taa mpaka kwenye vyuma vya paa, na huko juu, mbali sana, kama mtu anayechungulia kisima, uso ukamwinamia.

"Siku ya hamsini na tisa, Sajini," ulisema. "Mstari umepinda. Rudia."

Alijaribu kuketi. Miguu ilikataa. Alijaribu kuvuta pumzi, ikaingia mpaka kooni na kuishia hapo, moto, yenye ladha ya mpira. Naye alibaki wima kama alivyoamriwa, machozi yakimtoka, huku watu wa mji wakiyaona machozi na wakizidi kupiga makofi, mpaka bendi ilipokoma na Lorna akamshika kiwiko na kumwongoza nje kama kipofu.

Garini Lorna hakuwasha injini. Alikuwa ameshika ile ratiba.

"Siku sitini na moja," alisema. "Mume wa yule mama Pruitt amekufa kwa mapafu. Na mimi nimeishi na wewe miaka ishirini na sita, Verlin, hukuwahi kukohoa hivi mpaka mwezi wa tisa huu. Nani alikuwa kwenye shimo?"

Verlin aligeukia dirisha.

"Nakuuliza mara moja tu. Ukinidanganya nateremka, natembea mpaka kwa dada yangu."

Alimwambia. Ilichukua muda, kwa sababu kila maneno manne alisimama atafute hewa. Lorna alisikiliza hadi mwisho akiitazama barabara. Kisha aliwasha gari.

"Utaandika," alisema. "Nitakuwa nimekaa hapo mezani nikikuangalia, na hutanyanyuka hata kwenda chooni mpaka umemaliza."

Aliandika Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Aliandika tarehe moja moja, upepo ulivyovuma, nini kilichomwa: betri, matairi, nguo za hospitali, mapipa ya chooni. Aliandika kwamba mara mbili Odell aliomba kwenda kwa daktari akamkatalia. Aliandika kwamba yeye mwenyewe alikaribia shimo mara moja tu, kuwasha moto bila ruhusa, na kwamba kila jina lake daftarini ni uongo. Alipofika siku ya sitini na moja, kurasa zilikuwa kumi na moja. *Naapa kwamba haya ni kweli.*

Jumapili, sauti bombani ikisema siku ya sitini na moja, Lorna alimpeleka kwa Twyla. Mashine ya oksijeni ya Odell ilikuwa bado imesimama kando ya kochi, mrija wake umeoshwa na kukunjwa vizuri juu ya taulo safi. Twyla alizisoma kurasa zote kumi na moja akiwa amesimama. Kwenye ukurasa wa tisa, ule wa daktari, alirudi juu akasoma tena, kisha akaendelea.

"Nisamehe," Verlin alisema.

"Hapana."

"Twyla, mimi—"

"Nimesema hapana, Sajini. Haimo kwenye orodha ya ninavyotakiwa kuwasilisha." Alizisawazisha kurasa kwa kuzigonga mezani, akaziweka kwenye sanduku la viatu, juu kabisa. "Lorna, kuna chai kama unataka. Yeye anaweza kusubiri garini."

Jumatatu saa mbili asubuhi Twyla alikuwa mlangoni kwa Bi. Hargis kabla taa hazijawashwa. Saa nne kasoro robo zile kurasa kumi na moja ziligongwa muhuri wa kupokelewa.

Saa hiyohiyo, jikoni kwa akina Stroud, harufu ilikatika. Haikufifia, ilikatika, kama redio inayozimwa. Baraza lilikuwa safi. Lorna alifungua oveni, akaingiza kichwa, akanusa, akaanza kulia.

Machi jaji alikubali dai la Odell Pruitt, kuanzia siku alipoliwasilisha mara ya kwanza. Aprili, dai la Verlin likafutwa. Gazeti la kaunti liliandika aya nne. Mwaliko wa shule haukuja tena.

Lakini pumzi haikurudi. Verlin alimpigia simu Abu Hazim.

"Ulisema ataondoka."

"Si ameondoka?"

"Mapafu je?"

"Nilikuahidi ataondoka," alisema mwoka mikate. "Sikukuahidi atayaacha kama alivyoyakuta."

Kufikia Agosti alikuwa analala kwa mito mitatu. Kufikia Septemba alikuwa na mashine yake ya oksijeni, na mrija uliomwezesha kufika jikoni lakini si barazani. Alikwenda tena kwa Bi. Hargis, na mtungi mdogo wa oksijeni mkononi. Alivuta pumzi mara sita kati ya mlango na kiti.

"Bwana Stroud, naona unaumwa," alisema Bi. Hargis. "Hata mtoto anaona. Shida ni kisanduku hiki hapa: mahali na tarehe ulipopata madhara. Ukisema nyumbani, hayo si ya jeshi. Ukisema shimoni, kuna kurasa kumi na moja za mkono wako mwenyewe ulizoapa kwamba hukuwepo. Siwezi kukujazia."

"Sasa niandike nini?"

"Watakukataa. Utakata rufaa, watakukataa tena. Nimeona watu wakisubiri miaka tisa." Alimsukumia fomu. "Ichukue nyumbani. Fikiri."

Lorna aliikuta mezani. "Usiandike," alisema. "Tutauza gari. Tutauza nyumba. Verlin, unanisikia? Usiliandike lile neno."

"Sijaandika kitu."

Jumatano ile Lorna alitoka kwenda kanisani kupanga meza, akaacha mkate ukipoa kwenye kaunta. Nyumba ilinukia mdalasini. Mashine iliguna, ikapumzika, ikaguna. Verlin aliivuta fomu karibu. Alijaza jina. Alijaza cheo. Alifika kwenye kisanduku na kalamu ikabaki hewani, mpaka alipohisi kifua kinakunjika kushoto, chini, kama karatasi. Naye akawaza kwamba mara hii angalau mapafu hayakuwa ya uongo, kwamba anaumwa kweli kuliko wengi wanaolipwa, kwamba ni mstari mmoja tu na huenda hakuna atakayeufungua ule mzigo wa faili. Akaandika, kwa mwandiko mzuri uliolala kulia: *Shimo la kuchomea taka la kambi. Siku sitini na moja.* Akatia sahihi.

Alikaa kimya akisikiliza. Hakuna kitu. Alicheka kidogo, akajikokota hadi kwenye kaunta, mrija ukiburuta nyuma yake, akamega kipande cha mkate, akakitia mdomoni.

Kilikuwa na ladha ya tairi.

Nje, barazani, reki ilianza kupita. Chini ya sinki mtu alikohoa, akatafuta, akakosa, kisha akasema kwa adabu ileile:

"Siku ya kwanza, Sajini."